Kuchezesha na Kufundisha: Karne Moja ya Michezo ya Watoto Majengo, Nairobi

Majengo ni sehemu kongwe ya Pumwani, mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, baina ya soko la Gikomba na mtaa wa Eastleigh. Kazi ya kuwakusanya watoto na kuwafundisha kwa mchezo imefanyika hapo tangu mtaa ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na imepita mikononi mwa watu wengi: maalimu wa chuo, dada mkubwa aliyembeba mdogo wake mgongoni, mama wa nasari, kiongozi wa klabu, kocha wa mpira. Historia yake haikuandikwa mahali pamoja. Imetawanyika katika habari za nyumba za mtaa, misikiti na makanisa, siasa za ukoloni na sera za elimu baada ya uhuru.

Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Waafrika waliofuata kazi na biashara walijijengea vijiji pembezoni mwa mji: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini. Serikali ya kikoloni haikuvipenda vijiji hivyo kwa kuwa vilikua bila ruhusa yake, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza baraza la mji liliamua kuvivunja na kuwahamishia wakazi kwenye ardhi iliyopimwa. Ardhi hiyo ndiyo Pumwani. Pangani kilidumu kuliko vingine. Kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na sehemu ya watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, jirani na Majengo.

Majengo ilitofautiana na mitaa mingine ya Waafrika kwa namna ilivyojengwa. Muthurwa, kwa mfano, nyumba zilikuwa mali ya reli, na mfanyakazi alipewa chumba kama alivyopewa sare. Majengo mtu alipewa kiwanja akajenga mwenyewe. Akajenga nyumba ya Kiswahili: kuta za miti na udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa na baadaye mabati, ujia katikati na vyumba pande zote mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Janet Bujra na Luise White, watafiti wawili walioichunguza kwa kina historia ya mtaa huu, wameonyesha kwamba wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba hizo. Walikuwa wametoka kila upande, Ukikuyuni, Umaasaini, Unandi, hata Bukoba, na wengi walisilimu wakachukua majina ya Kiislamu na desturi za pwani. Lugha ya ua na ya baraza ikawa Kiswahili.

Kwa mtoto, mpango huo wa nyumba ulikuwa na maana kubwa. Chumba kimoja cha kupanga hakikuwa na nafasi ya kuchezea, kwa hiyo mchezo ulifanyika uani na mbele ya baraza, machoni pa wenye nyumba waliokaa hapo jioni. Mwenye nyumba alimjua mtoto wa kila mpangaji. Aliweza kumtuma, kumkanya, na kumsimulia hadithi bila kumwomba mama yake ruhusa. Malezi ya Majengo yalianza kuwa ya pamoja kwa sababu ya baraza, miaka mingi kabla ofisi yoyote ya serikali haijafikiria neno kama ustawi wa watoto.

Shule ya kwanza ya watoto wengi wa Majengo ilikuwa chuo cha Kurani. Chuo huelezwa mara nyingi kama mahali pa kukariri tu na kuchapwa, na ni kweli kwamba fimbo ilikuwepo. Lakini namna masomo yalivyoendeshwa inastahili kutazamwa vizuri. Watoto waliketi mkekani kwa duara au kwa safu, wadogo mbele. Herufi zilifundishwa kwa sauti yenye mahadhi, kila herufi na irabu zake tatu, kikundi kizima kikiitikia kwa pamoja. Mtoto aliyesahau alibebwa na sauti za wenzake mpaka akashika. Maalimu hakuweza kumsikiliza kila mmoja, kwa hiyo mwanafunzi aliyetangulia alimsomesha aliyefuata, na kwa kufanya hivyo akaimarisha alichokijua. Aliyemaliza msahafu alisherehekewa kwa hitima, na katika maulidi watoto walipata nafasi ya kusimama mbele ya watu wazima, kusoma kasida na kufuata mapigo ya dufu. Kusoma kwa kuitikiana, mkubwa kumfundisha mdogo, na kuonyesha hadharani kilichojulikana ni mbinu zinazohesabiwa leo kuwa msingi wa kufundisha watoto wadogo kwa vikundi. Majengo ilikuwa nazo tangu mwanzo.

Nje ya chuo hakukuwa na mwalimu, ila palikuwa na viongozi. Mara nyingi alikuwa msichana wa miaka tisa au kumi aliyeachiwa mdogo wake, akakusanya na wengine wa jirani ili kazi ya ulezi isimchoshe. Michezo ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, inajulikana na kila aliyelelewa huko: bano, blada, tapo, brikicho, kalongolongo, kati. Katika brikicho mmoja anafumba macho na kuhesabu huku wenzake wakijificha. Ndivyo watoto wengi walivyojua kuhesabu kwa mpangilio kabla ya kuingia darasani. Kwenye blada, mpira mwembamba uliokatwa kutoka tyubu ya tairi huvutwa na wawili, na anayeruka huanza usawa wa kifundo cha mguu, akapanda hadi gotini, kiunoni, kwapani, kila ngazi na hatua zake. Kalongolongo ni nyumba, jikoni na duka vilivyotengenezwa kwa makopo na udongo.

Kati ndio mchezo unaoonyesha vizuri zaidi jinsi watoto wanavyojiongoza. Wawili husimama mbali, wakirushiana mpira wa karatasi na matambara uliofungwa kwa kamba. Waliobaki wako katikati na kazi yao ni kukwepa. Anayeguswa hutoka. Anayebaki peke yake huhesabiwa mitupo, na akiikwepa yote huwaokoa wenzake waliotoka, nao hurudi uwanjani. Hakuna refa. Ubishi kuhusu aliyeguswa na asiyeguswa huamuliwa na kikundi chenyewe, na mtoto anayedanganya mara kwa mara huachwa nje siku inayofuata. Hesabu, nguvu za mwili, subira na uamuzi wa haki vimo humo vyote, na vifaa vyake havigharimu hata senti.

Katika vikundi hivyohivyo vya watoto ndimo lugha ya Sheng ilimolelewa. Wataalamu wa lugha hawakubaliani kuhusu mwaka wake wa kuzaliwa. Wengine wanaurudisha hadi miaka ya 1930, wengine wanautaja mwanzoni mwa uhuru. Mahali hapana ubishi: ni Eastlands, katika mitaa ambako mtoto wa Mluo, wa Mkamba na wa Mkikuyu walipaswa kuelewana uwanjani mara moja bila kusubiri kufundishwa.

Wamishonari na baraza la mji waliingia katika shughuli hii ya kuwakusanya watoto kwa nia zao. Kanisa la Kianglikana lilikuwa na shule na kanisa la St. John's Pumwani, na ukumbi wa Pumwani Memorial Hall ulijengwa katika miaka ya 1920. Kwa macho ya watawala, muda wa mapumziko wa Mwafrika mjini ulikuwa hatari usipopangiwa kazi: mpira, ndondi, ngoma zilizoruhusiwa, uskauti. Watoto walihesabiwa katika hofu hiyo hiyo. Hata hivyo kumbi zilitumiwa kuliko watawala walivyokusudia. Zikawa mahali pa mikutano, harusi, siasa na muziki, na mtoto aliyechungulia dirishani alijifunza humo mambo mengi ambayo hayakuwa kwenye ratiba ya ofisi.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Katika Operesheni Anvil, iliyoanza Aprili 24, 1954, majeshi yaliizingira Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watoto wengi walibaki bila baba, bila mama, au bila wote wawili, na wengine waliokimbia vijiji vya mkoa wa kati waliingia mjini kujitafutia. Serikali ilijibu kwa kuwakamata na kuwarudisha walikotoka. Wengine walijibu kwa namna nyingine. Mwaka 1957 Kanisa la Kianglikana lilianzisha kituo cha jamii cha St. John's hapo Pumwani, kikiwalenga wanawake na watoto walioachwa bila msaada, na kituo hicho kimeendelea na kazi hadi karne hii. Chama cha Maendeleo ya Wanawake, kilichoanzishwa mwaka 1952 chini ya mkono wa serikali, kilihimiza malezi ya pamoja ya watoto wadogo wakati mama zao wako kazini. Na tarehe 14 Novemba 1959, umbali mfupi kutoka Majengo, Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walifungua kituo cha wavulana cha Starehe katika vibanda viwili vya bati. Griffin alikuwa amefanya kazi na vijana waliofungwa katika kambi ya Wamumu, na huko alikuwa ameona kwamba kijana aliyepewa michezo, ufundi na jukumu la kuwaongoza wenzake hubadilika haraka. Mfumo wa Starehe wa wanafunzi wakubwa kusimamia wadogo ulitokana na uzoefu huo.

Uhuru wa mwaka 1963 ulileta Harambee, na matunda yake ya kwanza mitaani yalikuwa shule za chekechea. Majengo huziita nasari. Wazazi walichanga, wakapata chumba cha kanisa, cha msikiti au cha ukumbi wa manispaa, wakamteua mwanamke mmoja wa mtaa aliyejua kusoma na kupenda watoto. Hakuwa na mafunzo, na mshahara wake ulitegemea ada iliyolipwa au kutolipwa. Alikuwa na watoto hamsini, pengine zaidi, na alichowapa ni alichokijua: nyimbo za kuzunguka duara, hadithi, uji, na kuandika mchangani kwa kidole. Sifa za elimu ya Kenya hupewa mara nyingi vyuo na mawaziri. Wanawake hao, ambao wengi majina yao hayakuandikwa popote, ndio waliobeba watoto wa Eastlands kwa karibu miaka ishirini kabla ya serikali kuwapa mwongozo.

Mwongozo ulikuja polepole. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ikisaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, iliendesha mradi wa elimu ya chekechea uliochukua nasari za Nairobi kama mahali pa kujaribia. Mradi ulimalizika mwaka 1982. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, na mwaka uliofuata vituo vya wilaya vilivyojulikana kama DICECE. Hatua yao kubwa ilikuwa namna ya kufundisha walimu. Mafunzo yalichukua miaka miwili na yalifanyika wakati wa likizo za shule, kwa hiyo mama wa nasari alisoma bila kuacha kazi, na alichojifunza Aprili alikijaribu kwa watoto Mei. Walimu walihimizwa kukusanya hadithi, nyimbo na vitendawili vya jamii zao na kutengeneza vifaa kwa mikono yao.

Kipindi cha kikundi kilichoendeshwa kwa mbinu hiyo kilikuwa na umbo linaloweza kutambulika hata leo. Watoto husimama duara. Mwalimu huanza kwa wimbo unaotaja jina la kila mmoja, na aliyetajwa huingia katikati akafanya kitendo ambacho wenzake hukiiga. Mtoto mwenye haya hupata kuitikia bila kusukumwa. Kisha duara hugawanywa vikundi vidogo. Kimoja hupewa vifuniko vya soda na kuambiwa kupanga mafungu ya tano tano, kikundi cha pili hupanga vipande vya mbao kwa urefu, cha tatu huenda kona ya duka. Kona hiyo ni kalongolongo iliyoingizwa darasani: rafu ya boksi, makopo matupu ya Kimbo na Blue Band, noti za karatasi, muuzaji na wanunuzi. Mwalimu huzunguka na kuuliza, bei gani, umebakiwa na ngapi, nani anafuata kwenye foleni. Vikundi hubadilishana kabla ya kuchoka, kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kushughulika na jambo moja kwa muda mrefu. Mwishoni wote hurudi duara kwa hadithi au vitendawili, sauti ikishuka taratibu, ili watoto waende kunywa uji wakiwa wametulia. Gikomba, iliyo hatua chache kutoka Majengo, imekuwa ghala la vifaa hivyo: mabaki ya mbao za maseremala, vipande vya bati vya mafundi wa jua kali, vitambaa vya cherehani.

Mbinu hiyo ilipata upinzani, na wapinzani wake walikuwa wazazi. Shule nyingi za msingi za Nairobi zilikuwa zikiwafanyia watoto mtihani kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliongeza ushindani. Mzazi wa Majengo aliyelipa ada kwa taabu alitaka kuona daftari limejaa herufi. Mtoto aliyerudi nyumbani akisimulia kuhusu duka la makopo alimtia wasiwasi. Wasiwasi huo haukuwa ujinga. Nafasi zilikuwa chache, na aliyezikosa alibaki mtaani. Wizara ya elimu ilikataza mitihani hiyo, lakini walimu wengi walijikuta wakichezesha watoto asubuhi kidogo na kuwanakilisha herufi saa zilizobaki. Nasari nyingi za mtaa zilibaki katika hali hiyo ya nusu kwa nusu.

Kwa waliobaki nje ya shule kabisa, kazi ilifanywa na mashirika. Padre Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu Society mwaka 1973 kwa ajili ya vijana wa mitaani, akianza na klabu, muziki na michezo kabla ya kufika kwenye masomo. Mwaka 1978 shirika hilo lilianzisha elimu ya msingi iliyofupishwa, miaka mitatu ya masomo na mmoja wa ufundi, na Pumwani ilikuwa miongoni mwa maeneo yake. Katika miaka iliyofuata lilifanya kazi pia katika vijiji vya Kitui na Kinyago, pembeni mwa Majengo. Jirani, katika bonde la Mathare, Bob Munro kutoka Kanada alianzisha chama cha michezo cha MYSA mwaka 1987. Ligi zake ziliendeshwa na vijana wenyewe kama makocha, marefa na viongozi wa kanda, na timu iliyosafisha mtaa ilipata pointi katika msimamo wa ligi pamoja na zile za uwanjani. Mwaka 1990 chama kilipeleka vijana kwenye mashindano ya Norway Cup. Kwa Eastlands somo lilikuwa kubwa: mpira wa karatasi uliokuwa ukionekana kama kupoteza wakati ulikuwa darasa tayari, ulihitaji tu kupangwa.

Swali la zamani zaidi la Majengo, namna ya kuunganisha chuo cha Kurani na nasari, lilipatiwa jibu pwani. Mwaka 1986, kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said Muhashamy alianzisha Mombasa mpango wa chekechea ndani ya madrasa. Mtoto alisoma dini na papo hapo akacheza kwa kona za kujifunzia, vifaa vikiwa vifuu, kombe za baharini na ukindu. Jamii ya msikiti ndiyo iliyomiliki shule na kuchagua walimu, wengi wao wanawake vijana wa mtaa. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ulithibitisha kwamba mzazi Mwislamu hakuwa amekataa elimu ya kisasa. Alikuwa ameikataa ile iliyomtaka mtoto wake aache chuo.

Miaka ya karibuni imekuwa na hatua za mbele na za nyuma. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, ilijaza madarasa, lakini nasari ziliendelea kutoza ada, na baadhi ya wazazi wakaamua kumngojesha mtoto nyumbani hadi afikie umri wa darasa la kwanza. Katiba ya 2010 ilikabidhi elimu ya awali kwa kaunti. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchi nzima mwaka 2019 kuanzia madarasa ya awali, umerudisha mchezo kwenye maandishi rasmi. Mengi yanayotakiwa humo, mama wa nasari wa miaka ya 1970 angeyatambua mara moja. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limekarabati maktaba ya Kaloleni, tawi la maktaba ya McMillan lililo karibu na Majengo, na kuifanya tena mahali pa watoto kusomewa hadithi na kufanya shughuli za vikundi. Ikumbukwe kwamba McMillan yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee hadi 1958.

Kinachopungua ni nafasi. Nyumba za udongo zimekuwa zikibomolewa na ghorofa kupanda, na baraza na ua vimekwenda pamoja nazo. Gikomba imepanuka hadi milangoni. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na ile ya 2022 iliyochukua mahali pake, zinamtambulia mtoto haki ya kucheza na kupumzika, lakini sheria haiwezi kuchezewa kati ndani yake. Mnamo Januari 19, 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi na polisi walipoandamana kudai uwanja wao ulionyakuliwa, na nchi nzima ikaona jinsi ardhi ya watoto ilivyo rahisi kuchukuliwa. Serikali iliagiza baadaye shule za umma zipatiwe hati za ardhi. Viwanja vya shule, kumbi na maktaba vilivyosalia Pumwani navyo vipimwe na kupewa hati kwa jina la umma, kabla ya kukosekana hata kimoja cha kugombaniwa.